Carol Burnett: Aliyeipeleka tamthilia kwenye televisheni

Mwishoni mwa mwaka 1966, mwigizaji wa vichekesho Carol Burnett aliwapigia simu wakubwa wa kituo cha televisheni cha CBS kuwakumbusha kifungu kimoja cha mkataba wake. Kifungu hicho kilimruhusu, ndani ya miaka mitano ya kwanza, kudai vipindi 30 vya saa moja moja vya vichekesho, nyimbo na dansi. Muda ulikuwa unaelekea ukingoni. Mtendaji aliyezungumza naye alimjibu kwamba kazi hiyo ni ya wanaume, wachekeshaji kama Sid Caesar, Milton Berle na Jackie Gleason, na kwamba yeye angefaa zaidi kwenye mchezo wa nusu saa wa maisha ya nyumbani. Burnett akakataa. Hakutaka kuwa mhusika yuleyule kila wiki. Alitaka waimbaji, wachezaji dansi, wageni, na nafasi ya kuwa mtu mwingine kila pazia linapofunguka. Mkataba ulikuwa upande wake. Tarehe 11 Septemba 1967 The Carol Burnett Show ilianza kuonyeshwa, na ilidumu misimu 11.

Msimamo huo aliujenga jukwaani.

Alizaliwa San Antonio, Texas, tarehe 26 Aprili 1933. Baba na mama yake walizidiwa na ulevi, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Mabel White, katika chumba kimoja cha kupanga huko Hollywood. Fedha zilikuwa haba, lakini bibi na mjukuu hawakukosa kwenda sinema. Wakirudi, Carol na watoto wenzake waliigiza upya walichokiona, na hapo ndipo alipojifunza ule mlio wa Tarzan ambao miaka mingi baadaye watazamaji walikuwa wakimwomba aupige.

Alipomaliza shule alikubaliwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Ada ya mwaka haikuzidi dola 50, ila nyumbani hazikuwepo. Siku moja ikakutwa bahasha kwenye sanduku la barua, ndani yake noti ya dola 50, bila jina la mtumaji. Alikwenda chuoni akiwa na nia ya kuwa mwandishi wa habari, akaangukia katika idara ya tamthilia. Mwaka 1954, mtu mmoja mwenye uwezo aliyemwona akiigiza kwenye tafrija alimkopesha dola 1,000 aende New York, kwa masharti: alipe baada ya miaka mitano bila riba, asilitaje jina la aliyemkopesha, naye akifanikiwa awasaidie wengine. Alilipa, na jina hilo hakulitaja.

New York ilimfahamu kwanza mwaka 1957, kwa wimbo wa mzaha kuhusu msichana aliyempenda John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mzee aliyejulikana kwa uso mkavu. Dulles alipoulizwa kwenye televisheni kuhusu wimbo huo, alijibu kwamba mambo ya moyo hayazungumzi hadharani.

Mwezi Mei 1959 ikaja Once Upon a Mattress, tamthilia ya muziki iliyoongozwa na George Abbott, ambayo mwishoni mwa mwaka ilihamia Broadway. Burnett alikuwa Winnifred, binti wa mfalme anayefika ikulu akiwa ameloa chapachapa baada ya kuogelea handaki la maji linaloizunguka, kisha anaimba kwa sauti ya kutikisa dari kwamba yeye ni mwenye haya. Mwaka huohuo alijiunga na kipindi cha Garry Moore, akawa na kibarua cha televisheni pamoja na cha jukwaani. Mwaka 1962 alitwaa tuzo ya televisheni ya Emmy.

Kipindi chake mwenyewe alikiendesha kama ukumbi wa tamthilia. Kilirekodiwa Television City, Los Angeles, mara mbili siku ya kurekodi, kila mara mbele ya watazamaji wapya. Mwanzoni taa za ukumbi ziliwashwa, akasimama peke yake kujibu maswali yasiyopangwa. Mwishoni alivuta sikio la kushoto, salamu aliyomwanzishia bibi yake.

Igizo la mwaka 1976 lililoikejeli filamu ya Gone with the Wind linaonyesha kazi ilivyofanyika. Katika filamu, mwanamke aliyefilisika anashonewa gauni kwa mapazia. Mbunifu wa mavazi Bob Mackie aliamua fimbo ya pazia ibaki ndani ya gauni. Burnett akateremka ngazi taratibu, kichwa juu, fimbo imetokeza mabegani kushoto na kulia, bila hata kutabasamu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko kabla hajatamka neno. Gauni hilo sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington.

Kicheko chake kilikuwa pia na uchungu ndani. Waandishi walipobuni maigizo ya familia moja yenye magomvi, walimtaka awe mama. Yeye akachagua kuwa Eunice, binti asiyeridhika na maisha, na umama ukaenda kwa mwigizaji mwenzake Vicki Lawrence, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 16. Waliwahi kulifanyia mazoezi igizo mojawapo bila lafudhi ya kuchekesha, wakaona ni huzuni tupu.

Machi 1978 alikifunga kipindi kwa hiari yake, kikiwa kimevuna tuzo 25 za Emmy. Mwaka 1995 alirudi Broadway na Moon Over Buffalo, akateuliwa kuwania tuzo ya tamthilia ya Tony. Kisha yeye na binti yake, Carrie Hamilton, wakaandika Hollywood Arms, tamthilia iliyotokana na maisha ya kile chumba cha bibi. Carrie alifariki kwa saratani Januari 2002, akiwa na miaka 38. Burnett aliendelea na maandalizi, na Oktoba mwaka huo mwongozaji Hal Prince akaifikisha Broadway. Michele Pawk, aliyecheza nafasi ya mama, alishinda Tony.

Tangu 2019, tuzo za Golden Globe zina heshima maalumu ya televisheni yenye jina la Burnett, na wa kwanza kuipokea alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka 2024 alionekana katika mfululizo wa televisheni Palm Royale akiwa bibi tajiri aliyelazwa bila fahamu, nafasi ambayo mwanzoni ilimwachia macho na uso tu. Kwa kazi hiyo aliteuliwa tena kuwania Emmy, akiwa na umri wa miaka 91.