Kanuni ya Dakika Tano na Uchaguzi wa Kumbukumbu na Diski za Seva ya Kanzidata, 1985–2007

Mwaka 1985, Jim Gray na Franco Putzolu, wahandisi wa kampuni ya Tandem nchini Marekani, waliandika ripoti fupi kuhusu swali ambalo kila mnunuzi wa seva ya kanzidata hukabiliana nalo: ni wakati gani inafaa data ikae katika kumbukumbu kuu badala ya kusomwa diskini kila inapohitajika? Jibu lao lilitokana na bei.

Diski ya wakati huo ilimudu usomaji takribani 15 kwa sekunde. Gharama ya diski ilipojumlishwa na ya prosesa inayoihudumia, uwezo wa kusoma mara moja kwa sekunde ulifikia dola 2,000. Kilobaiti moja ya kumbukumbu iligharimu dola 5. Kiasi cha kwanza kikigawanywa kwa cha pili, hupatikana sekunde 400. Kwa hiyo, rekodi ya kilobaiti moja iliyosomwa angalau mara moja katika muda huo ilikuwa nafuu zaidi kuitunza katika kumbukumbu. Sekunde 400 zinakaribia dakika saba, lakini jina lililobaki ni la dakika tano.

Mwaka 1997 Gray aliirudia hesabu hiyo pamoja na Goetz Graefe. Megabaiti ya kumbukumbu, iliyokuwa dola 5,000, sasa iligharimu dola 15. Diski ya dola 2,000 ilisoma mara 64 kwa sekunde. Jibu lilikuwa sekunde 266, yaani bado kama dakika tano. Ni rahisi kuona hapa sheria ya kudumu. Hata hivyo, kipimo kilikuwa kimebadilika: mwaka 1985 ilipimwa rekodi ya kilobaiti 1, na mwaka 1997 ukurasa wa kilobaiti 8. Kwa kipimo cha awali, bei za 1997 zinatoa sekunde 2,133, zaidi ya dakika 35. Kilichodumu, basi, ni mlinganyo, si dakika.

Tathmini ya Graefe ya mwaka 2007 iliweka jambo hili wazi. Kwa ukurasa wa kilobaiti 4, diski ilihitaji takribani dakika 90, ilhali kumbukumbu ya flashi, iliyokwisha kuingia kati ya hizo mbili, ilihitaji dakika 15.

Hesabu hizi zote hupima gharama ya kusoma tu. Kumbukumbu kuu hupoteza data umeme unapokatika; ndiyo maana hata kanzidata inayotoshea yote katika kumbukumbu huandika daftari la miamala diskini kabla ya kuuthibitisha muamala.