Pari-mutueli: dau la wachezaji wao kwa wao

Anayesuka mkeka wa mpira kwenye simu anacheza dhidi ya kampuni. Kampuni imeshapanga odi, yeye amezikubali. Mkeka ukitiki kampuni inalipa, ukichanika pesa inabaki kwao. Viwanja vya farasi vya Ulaya katika karne ya 19 vilijaa biashara ya namna hiyo. Mpokea dau alisimama na daftari lake, akataja bei ya kila farasi, kisha akaomba kimoyomoyo yule anayependwa na wengi asifike wa kwanza. Wapo waliolipa kwa uaminifu. Wapo pia waliotoweka na pesa za watu, au waliomhonga mpanda farasi azuie hatamu.

Joseph Oller, mzaliwa wa Terrassa huko Katalonia, ambaye baadaye angeshiriki kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge, aliijua kazi ya mpokea dau kwa ndani. Mwaka 1867, jijini Paris, alileta utaratibu mwingine ulioitwa pari-mutueli. Pesa zote za wachezaji huwekwa katika mfuko mmoja. Mwendeshaji hukata fungu lake kwanza, na kinachobaki hugawiwa waliomchagua mshindi, kila mmoja kwa kadiri ya dau lake.

Tuseme zimeuzwa tiketi 1,000 za shilingi 100. Mfukoni mna 100,000, makato ni asilimia 20, zinabaki 80,000. Kama farasi aliyeshinda alikuwa na tiketi 500, kila tiketi italipwa shilingi 160. Kama alikuwa na 20 tu, kila moja italipwa 4,000. Hakuna aliyepanga bei hizo. Zimetokana na mikono ya wachezaji wenyewe, na kwa hiyo haziwezi kujulikana kwa hakika mpaka dirisha la mwisho lifungwe. Mwendeshaji naye hana farasi wa kumwombea mabaya, kwa kuwa makato yake ni yaleyale ashinde yeyote. Kwangu hii ndiyo hesabu ya haki kuliko zote katika kamari, ingawa haki yake ni kati ya mchezaji na mchezaji. Makato hayamsamehe mtu, na wachezaji wakijumlishwa pamoja hutoka na pungufu ya walichoingia nacho.

Serikali ya Ufaransa haikuupokea utaratibu huu upesi. Oller alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo kwa kuendesha kamari isiyo halali. Lakini sheria ya Juni 1891 iligeuza mambo: wapokea dau wa bei maalumu wakapigwa marufuku, na vyama vya mbio vikaruhusiwa kuendesha pari-mutueli. Kentucky, huko Marekani, ilifuata njia yake yenyewe. Mwaka 1908, mamlaka za jiji la Louisville zilipowabana wapokea dau, Matt Winn wa uwanja wa Churchill Downs alizitoa mashine za zamani za pari-mutueli zilizokuwa zimewekwa kando. Farasi Stone Street akashinda mbio za Kentucky Derby mwaka huo, na tiketi ya dola 5 ikalipa dola 123.60.

Kero kubwa ilikuwa kuhesabu. Makarani walijumlisha tiketi kwa mkono wakati umati ukisukumana madirishani, na karani asiye mwaminifu aliweza kumwandikia rafiki yake tiketi baada ya farasi kumaliza. Nchini New Zealand, ambako wapokea dau waliondolewa viwanjani mwaka 1911, mzigo wote uliangukia mfumo huu. Suluhisho lilitoka kwa George Julius, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Sydney, ambaye alikuwa amebuni mashine ya kuhesabu kura na serikali ya Australia ikaikataa. Akaigeuza ihesabu dau. Mwaka 1913 ikafungwa katika uwanja wa Ellerslie, Auckland, imejaa nyaya, kapi, minyororo na vyuma vizito vilivyoshuka taratibu kuiendesha, bila kompyuta wala umeme wa kufanya hesabu. Ugumu wake ulikuwa mahali padogo sana: madirisha mawili yakiuza tiketi za farasi mmoja kwa sekunde ileile, zote mbili lazima zihesabiwe. Julius aliutatua kwa mpangilio wa gia uliopokea mizunguko kutoka pande kadhaa na kuijumlisha, na wanahistoria wa kompyuta bado wanaitaja kazi hiyo kwa heshima.

Uingereza iliruhusu utaratibu wa pari-mutueli kwa sheria ya mwaka 1928 na kuuanza mwaka uliofuata, bila kuwafukuza wapokea dau. Ufaransa, mwaka 1954, André Carrus alibuni tiersé, dau la kubashiri farasi watatu wa mwanzo, na hadi leo watu wa Dakar, Abidjan na Douala hubeti farasi wanaokimbia Paris.

Kompyuta sasa zimeleta shida mpya. Makundi yenye mitaji mikubwa hukokotoa nafasi ya kila farasi na kumwaga pesa sekunde za mwisho, kwa hiyo mchezaji wa kawaida huona farasi wake akilipa mara nane milango ikifunguliwa, na mara tano tu kabla ya kona ya kwanza. Hakuna aliyevunja kanuni. Mfuko umepokea dau kama ulivyoumbwa. Hata hivyo baadhi ya viwanja vya Marekani vimeanza kuzizuia kompyuta hizo kuingiza dau katika dakika za mwisho, na naona vimefanya vyema.