Mashahidi Walio Hai

Mama mmoja aliniuliza kando ya kaburi la mwanawe, "Mchungaji, kufufuka kwa Yesu kuna ushahidi, au ni faraja tu?"

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, kama miaka 25 baada ya msalaba. Aliwataja Petro, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 waliomwona Bwana, akasema wengi wao wangali hai. Mwongo hataji mashahidi wanaoweza kuulizwa.

Huyo Yakobo, nduguye Bwana, hapo kwanza hakumwamini. Lakini Josephus, mwanahistoria Myahudi, asimulia kwamba mwaka 62 alihukumiwa Yerusalemu apigwe mawe.

Nilimjibu yule mama, "Tumaini lako lina mashahidi." Nanyi mliofiwa, lishikeni. Amina.