Rangi ya baraza: namna wazee walilinda mbao, na namna tutachagua leo

Utangulizi



Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, mahari, majina, ngoma na mazishi. Mara hii tunawaletea jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo sana: rangi ya mbao zinazokaa inje, kwenye mvua na jua. Lakini si dogo. Wote wanaofika kwenye nyumba yetu ya mikutano hapa Bukavu wanaijua ile baraza ya mbao inayotazama ziwa. Hapo ndipo wazee wanasuluhisha maneno, hapo ndipo vijana wanajifunza ngoma. Mwisho wa mvua zilizopita, ubao mmoja ulivunjika chini ya mguu wa mama aliyekuwa amebeba viti. Mungu alisaidia, hakuumia. Kumbe ubao ulikuwa umeoza kwa ndani, na juu ulikuwa ungali unang'aa kwa verni.

Kisha kulikuwa mkutano, na katika mkutano huo watu waligawanyika mara tatu. Wazee walisema: “Tupake nkula na mawese, ndiyo desturi.” Vijana walisema: “Tupake mafuta ya vidanje, ni ya bure na mchwa hayapendi.” Wengine walisema: “Turudishe verni, maana wageni wanapenda kitu safi.” Sisi tuliombwa kuandika kurasa hizi ili kila mtu, mbele ya kupiga kura, ajue historia inasema nini.

1. Tuanze na jina lenyewe

Baraza, kwetu, ni sehemu ya nyumba iliyo inje lakini chini ya paa, mahali pa kuketi na kupokea watu. Neno hili halikuzaliwa Kivu. Lilikuja na Kiswahili, kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani waliovuka Tanganyika katika karne ya 19, wakakaa Kasongo na Nyangwe. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta wamekwisha kufika.

Kule pwani walikotoka, watu walikuwa na elimu kubwa ya kulinda mbao, juu ya vyombo vyao vya bahari. Sehemu ya jahazi iliyo juu ya maji walipaka sifa, ni kusema mafuta ya maini ya papa. Sehemu iliyo chini ya maji walipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Tuangalie vizuri: mbao ni zile zile, lakini dawa ni mbili, kwa sababu adui ni wawili. Tena chombo kilitolewa majini mara kwa mara, kikakauka, kikapakwa upya. Hakuna nahodha aliyefikiri kwamba atapaka mara moja na kumaliza.

2. Wazee wetu walipaka nini?

Katika sehemu nyingi za inchi yetu rangi tatu ndizo zilitawala: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Nyeupe ilikuwa pemba, udongo mweupe. Tuiache, maana haishiki kwenye mvua. Tukae zaidi na nyekundu na nyeusi.

Nyekundu ya heshima ilitoka katika mti ambao watu wa Katanga wanauita mukula, na unga wake Waluba wanauita nkula. Wataalamu wanaita mti huo Pterocarpus tinctorius. Moyo wake mwekundu ulisagwa ukawa unga, kisha ukachanganywa na mafuta. Huko Kasai, Wakuba walitumia unga wa miti ya jamii hiyo, tukula, wakaupaka mwilini, katika nguo za rafia na katika sanamu. Walifinyanga hata vipande vigumu vya unga huo, vyenye michoro, vya kutolewa wakati wa mazishi. Na kwa majirani zetu Walega, vitu vya bwami vilisafishwa na kupakwa mafuta kila vilipotolewa kwa sherehe. Ule ung'avu ambao wageni wanaustaajabia leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya ni kazi ya mikono mingi na ya miaka mingi.

Lakini hapa mwalimu wa historia anapaswa kuuliza swali moja: vitu hivyo vilikaa wapi? Vilikaa ndani ya nyumba, ndani ya kikapu, ndani ya giza. Hiyo ni maana kubwa. Rangi ya nkula ni rangi ya mti, na rangi ya mti inakufa kwa jua. Yeyote aliyepasua mukula anajua: siku ya kwanza mbao ni nyekundu kama moto, na nyuma ya miezi ya jua imekuwa kahawia. Na mawese nayo ni mafuta yasiyokauka. Juu ya kiti cha chifu hayana shida, maana mikono inayapangusa. Juu ya baraza yanabaki yananata, yanakamata vumbi, na ukungu unapata chakula.

Kwa hiyo wazee wetu wanasema kweli: nkula ilipakwa. Ila haikupakwa kwenye sakafu ya inje.

Kwa inje walikuwa na elimu ingine. Kuta walizipaka udongo mwekundu, ule tunaokanyaga kila siku. Wekundu wa udongo huo ni wa chuma kilichokwisha kushika kutu. Jua halina tena kitu cha kuchukua ndani yake, ndiyo sababu ukuta wa udongo unabaki mwekundu ukiwa umezeeka. Nguzo za ua waliziunguza mguu mbele ya kuzisimamisha, kwa sababu makala hayaozi upesi na wadudu hawayapendi. Fito za paa zilikaa juu ya moto wa kupikia, moshi ukazipaka masizi mwaka kwa mwaka. Watu wazima wanajua: nyumba iliyohamwa, ambayo haiwashwi tena moto, paa yake inaanza kuliwa na wadudu.

Nyeusi ingine ilitoka kwenye matope. Mbao nyingi zina tanini, ile dawa inayokausha ulimi ukitafuna ganda. Tanini ikikutana na chuma kilicho katika matope, inageuka nyeusi. Wanafunzi wanaweza kujionea: loweka misumari yenye kutu ndani ya siki siku chache, kisha paka maji yake kwenye ubao wa eukaliptusi. Utakuwa mweusi mbele ya macho yako. Ndiyo ile alama nyeusi tunayoiona chini ya kila msumari wa baraza yetu mvua ikinyesha. Si uchawi, wala si rangi mbaya.

3. Dawa zilizokuja na meli

Mwaka 1838, Mwingereza John Bethell alipata hati ya kuingiza kreozoti ndani ya mbao kwa nguvu ya presha. Kreozoti ni mafuta meusi yanayotoka katika lami ya makaa ya mawe. Reli na simu za Ulaya zilisimama juu ya mbao za namna hiyo. Wabelgiji wanaita mafuta ya jamii hiyo karbonile, na wazee waliofanya kazi kwa wakoloni, wakati Bukavu ilipokuwa ingali inaitwa Costermansville, waliijua harufu yake. Ililinda nguzo, ni kweli. Lakini leo inajulikana kwamba ndani yake kuna vitu vinavyoleta kansere, na Ulaya yenyewe imeikataza kwa matumizi ya nyumbani.

Mwaka 1933, Mhindi Sonti Kamesan alivumbua dawa ingine ya chumvi za shaba, kromu na arseniki. Ndiyo inayoacha rangi ya kijani katika nguzo nyingi za umeme. Hapa tunaomba akina mama na vijana wasikilize vizuri: nguzo ya kijani iliyoanguka si kuni. Moshi wake na majivu yake vina arseniki, na arseniki ni sumu. Huko Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za nyumba na baraza kufikia mwisho wa mwaka 2003.

Verni nayo ilipendwa sababu ya kung'aa. Lakini verni ni ngozi juu ya ubao. Ubao unavimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, ngozi inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki tena. Ndiyo yaliyotokea kwenye baraza yetu. Ubao uliozea ndani ya nguo yake nzuri.

Na vidanje? Hiyo si desturi ya mtu yeyote. Ni mafuta machafu ya motere, yaliyokwisha kukusanya vyuma vyenye sumu. Hayakauki, yanashika nguo na miguu ya watoto, na mvua inayashusha. Baraza yetu inatazama ziwa. Yakishuka, yanakwenda huko huko tunakofulia na kuvulia sambaza. Kitu cha bure kinacholipwa na ziwa si cha bure.

4. Tulichojaribu

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mvua zikianza, tulichukua pamoja na wanafunzi vipande vinne vya libuyu, tukavipaka namna nne, tukavifunga juu ya paa la kibanda cha kuku. Mwezi wa sita tulivishusha.

Kile cha nkula na mawese kilikuwa kahawia, na madoa ya ukungu. Kile cha verni kilikuwa kizuri katikati, lakini pembeni ngozi imeinuka na ubao umekuwa mweusi. Kile cha vidanje kilibaki cheusi, ila tulipokimwagia maji, maji yakatoka na rangi za upinde wa mvua. Cha nne tulikipaka mafuta ya kitani yaliyochanganywa na udongo mwekundu uliochekechwa. Kilikuwa kimefifia kidogo, lakini hakikupasuka, na maji yalikuwa yangali yanateleza juu yake.

Papa mmoja seremala, aliyekuja kuangalia, alicheka, akasema: “Mwalimu, mbao ni kama mutoto. Haiombi nguo, inaomba kula.” Tulipeleka maneno hayo darasani.

Sababu ni hii. Jua linavunja ile gundi inayoshika nyuzi za ubao, na hapa kwetu, karibu metre 1.500 juu ya bahari, jua ni kali hata siku ya baridi. Mafuta yasiyo na rangi yanaacha jua lipite. Chembe za udongo zinalizuia, kama kofia. Na mafuta ya kitani, tofauti na mawese, yanakauka ndani ya ubao yenyewe.

5. Tuchague nini?

Maoni yetu ni haya.

Kwanza, rangi haiponyeshi mbao iliyooza, wala haigeuzi mbao dhaifu kuwa muvula. Tubadilishe mbao zilizokufa, tuache nafasi ndogo kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na tuinue nguzo juu ya mawe zisiguse udongo.

Pili, tungojee kiangazi, mwezi wa saba. Verni ya zamani iondolewe yote kwa msasa. Kisha tudondoshe maji juu ya ubao: yakinywewa upesi, ubao uko tayari; yakibaki juu, tungojee ao tusugue tena.

Tatu, tupake mafuta ya kitani yaliyopikwa, yenye unga wa chuma mwekundu, ule ambao mafundi wanatia katika simenti ya sakafu, ao udongo wetu uliokaushwa na kuchekechwa sana. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, wenye terebentini. Nyuma ya nusu saa, tupanguse yote ambayo ubao haukunywa. Wekundu wa katikati unatosha: ukizidi kuwa mweusi utaunguza miguu saa sita. Vitambaa vilivyopangusia visikunjwe na kutupwa pembeni, maana mafuta ya kitani yanaweza kujiwasha yenyewe. Vitandazwe inje vikauke, ao vilowekwe majini.

Inne, tuandike katika kitabu cha shirika siku ya kupaka upya, kila mwaka ao kila miaka miwili. Bila hiyo, mengine yote ni bure.

Kuhusu nkula, tusiitupe. Tuitumie ndani, kwenye kiti cha mzee na kwenye ngoma, kwa kiasi. Mti wake umekatwa sana Katanga katika miaka iliyopita ili kuuzwa inje. Tangu mwaka 2019 mkataba wa CITES unachunga biashara yake ya kimataifa, na mwaka 2022 ulinzi huo ulipanuliwa kwa jamii zote za Pterocarpus za Afrika. Kumwaga nkula kwenye sakafu ya inje ili ife kwa jua, hiyo si heshima kwa wazee.

Kwa kumalizia

Tumeona kwamba katika mkutano wetu wote walikuwa na sehemu ya ukweli: wazee walikumbuka wekundu, vijana walikumbuka mafuta, wengine walikumbuka uzuri. Kilichosahauliwa ni kile ambacho nahodha wa pwani, Mlega wa bwami na mama aliyewasha moto chini ya paa walikifanya wote: walirudi. Walipaka, na mwaka mwingine walipaka tena. Desturi ilikuwa hapo, katika kurudi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi ufa tumekwisha kuuona, na mguu wa mama ulipita ndani yake. Mkutano ujao utapiga kura. Tunaomba kila mmoja, mbele ya kuinua mkono juu ya rangi, aseme pia ni mwaka gani yeye mwenyewe atashika brosi.