Mbinu ya Vitu katika Programu za Muda Halisi za Ndege: Historia Inayotazamwa kutoka Ukanda wa Migodi

Ndege ndogo zilizotua Mwadui, Shinyanga, enzi za John Williamson, aliyegundua almasi huko mwaka 1940, ziliongozwa kwa nyaya za chuma zilizounganisha usukani wa rubani na mabawa na mkia. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, Airbus A320 ilikuwa na miaka 12 ikibeba abiria kwa uongozi wa kompyuta. Desemba 2018 Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea Airbus A220-300, la kwanza barani Afrika. Ndege ya aina hiyo nayo huongozwa kwa kompyuta.

Mbinu ya kupanga programu kwa vitu ilizaliwa Oslo katika lugha ya Simula 67, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Kwa nini basi ilichelewa kuaminiwa angani? Kudai kwamba wahandisi wa ndege ni wahafidhina hakutoshi. Katika mbinu hii data na kazi zake hufungwa pamoja kuwa kitu kimoja, na aina mpya ya kitu hurithi tabia za aina iliyotangulia au kuzibadili. Hivyo, utaratibu utakaotekelezwa huweza kuamuliwa wakati programu inaendelea kufanya kazi. Programu ya ofisini ikichelewa, karani husubiri. Kompyuta ya usukani haina nafasi hiyo: sharti ijibu kila mara ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na mkaguzi athibitishiwe hivyo kabla ndege haijaruhusiwa kubeba watu.

Lugha ya Ada ya 1983 haikuwa na urithi wa namna hiyo. Toleo la 1995 liliuongeza. Kanuni za ukaguzi zilikuja nyuma. DO-178B ya 1992 haikuwa na mwongozo mahususi kwa mbinu hii. Uliletwa na DO-332, nyongeza ya DO-178C, Desemba 2011. Kiini chake ni urithi: aina mpya isivunje ahadi za aina iliyoirithi.

Hata hivyo, ukaguzi huo huthibitisha kwamba programu inatimiza masharti iliyopewa. Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na kuua watu 157. Programu yake ya MCAS ilifuata masharti yake, na masharti hayo yaliiruhusu kutegemea kihisi kimoja tu.