Kodi ya Senti 88

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufunzwa nyumba ya wakfu ni nini. Mwenye mali huifunga mali yake, isiuzwe wala isirithiwe, ili manufaa yake yaendelee kuwafikia wahitaji hata baada ya yeye kuingia kaburini. Lakini ada hii si yetu peke yetu. Katika mji wa Augsburg, kusini ya Ujerumani, upo mtaa mzima wa namna hiyo, uitwao Fuggerei, na umri wake umepita miaka 500.

Aliyeuweka ni Jakob Fugger (1459–1525), mkopeshaji wa wafalme na mapapa. Mwaka 1519, zaidi ya nusu ya fedha zilizomnunulia Karl wa Tano kura za ufalme mkuu zilitoka katika kasha lake. Hata hivyo, katika daftari za tajiri huyu sadaka nayo ilikuwa na hesabu yake, iliyoandikwa kwa jina la Mtakatifu Ulrich, kana kwamba mtakatifu naye ni mshirika wa biashara.

Tarehe 23 Agosti 1521 aliandika hati ya wakfu, kwa jina lake na la ndugu zake wawili marehemu. Nyumba zilikuwa za mafundi na vibarua wa mji, Wakatoliki wenye sifa njema walioangukiwa na ufukara. Kodi yake ilikuwa gilda moja kwa mwaka, pamoja na dua tatu kila siku kuwaombea wenye wakfu. Mabomu ya Februari 1944 yaliubomoa mtaa, ukajengwa upya. Leo wanakaa humo watu wapatao 150, na gilda ile huhesabiwa senti 88 za yuro. Haijapandishwa.

Hadi hapa msomaji atasema, Mungu amlipe. Nami nilisema hivyo, mpaka nilipofika mwaka 1505.

Mwezi Machi mwaka huo merikebu za Francisco de Almeida ziliondoka Lisbon kufuata pilipili manga ya Bara Hindi. Miongoni mwa waliotia fedha zao ni matajiri wa Augsburg: nyumba ya Welser kruzado 20,000, nyumba ya Fugger 4,000. Njiani, mwezi Julai, jeshi lile liliiteka Kilwa. Agosti likaipora Mombasa na kuitia moto. Mjerumani Hans Mayr, aliyekuwamo ndani ya São Rafael, aliyaandika aliyoyaona.

Fedha ikishaingia kashani haina kabila, wala siwezi kuonyesha tofali la Fuggerei nikasema hili ni la Mombasa. Kruzado 4,000 zilikuwa kidogo kwa tajiri yule. Ila masheikh wetu wametufunza kuwa mali ya wakfu huulizwa kwanza imechumwa wapi, na swali hilo halifutwi na wema uliofuata.

Mjane anayekaa Augsburg hana hatia, na sitara aliyoipata ni ya kweli. Lakini akishamaliza dua zake tatu, ningependa aongeze ya nne, iwafikie wale wa Kilwa na Mombasa, ambao hawakufunguliwa hesabu katika daftari yoyote.