Msitu Haugawanywi Kama Hisa
Historia fupi ya miti ya Ufipa na ya msitu wetu



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wenzangu wameandika juu ya sanduku, marejesho na mikopo ya mbolea. Mimi nimepewa kazi ya kuandika juu ya msitu. Naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo. Anayetaka kujua kwa nini wanawake wanaouza maharage na ulezi walitoa fedha zao kununua pori, hana budi kwanza ajue Ufipa ilifikaje hapa ilipo.

Kiti cha Milansi

Wazee wa Ufipa husimulia habari za Milansi, kijiji cha kale ambako alitawala mfalme Ntatakwa. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe onyo kwamba wakija wageni asiwape kiti cha enzi. Wageni wakaja kweli, nao walikuwa wanawake. Wakapewa kiti, wakakikalia. Mfalme aliporudi akakuta nchi imeshapata wenyewe. Kwa ukoo wa wanawake wale, Watwa, ndiko walikotoka watawala wa Nkansi na Lyangalile. Ntatakwa alibaki na Milansi yake na heshima ya mambo ya matambiko.

Wanaume hupenda kusimulia hadithi hii kama habari ya hila za wanawake. Mimi naisoma vingine. Mwenye nchi alikuwa porini anafuata nyama, na waliokaa ndio waliopata. Ardhi haimngojei mtu.

Miti ilikwenda wapi?

Mgeni anayepanda Sumbawanga kutoka bonde la Rukwa hushangaa. Bondeni ni joto na miti, huku juu ni baridi, upepo na nyasi hadi macho yachoke. Watoto wetu wanadhani Mungu aliiumba Ufipa hivi hivi. Sehemu kubwa ya uwanda kweli ni nchi ya nyasi tangu zamani, lakini mikono ya watu pia imefanya kazi.

Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa. Tanuru la kuyeyushia chuma, ilungu, lilijengwa kwa udongo, refu kuliko mtu, na lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo ndipo kikafuliwa majembe na mikuki. Yote hayo yalitaka mkaa, tena mkaa wa miti migumu. Tanuru lilitendewa kama bibi harusi, lakini sisi wanawake hatukuruhusiwa kulikaribia. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20 baada ya majembe ya kutoka ng'ambo kujaa madukani. Mabaki ya malungu bado yanaonekana sehemu mbalimbali za Ufipa.

Miti ilivyokuwa michache, wazee wetu walijifunza kulima bila miti. Baadhi ya majirani zetu walikuwa wakikata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Mfipa alifukia majani chini ya udongo, akafanya vilima vya duara, intumba, na majani yakaoza yakawa mbolea. Si haba! Huo ulikuwa ujuzi mkubwa. Lakini jembe haliwezi kufidia kila kitu. Kuni hazioti kwenye tuta, wala chemchemi haitunzwi na tuta.

Baadaye watu waliongezeka, ng'ombe wakaongezeka, mji ukakua ukitaka mkaa na matofali ya kuchoma. Kila mwaka kati ya Juni na Oktoba moto ulipita majanini. Mwanamke ndiye aliyelipa gharama, maana kuni zikienda mbali ni yeye anayezifuata.

Mbizi, msitu uliobaki

Juu ya mji wetu ipo milima ya Mbizi, na katika mabonde yake msitu wa hifadhi ambao wengi tunaufahamu kwa mawingu tu. Humo wanaishi mbega wekundu. Mwaka 1984 wataalamu wa wanyama walichapisha habari zao. Ndugu zao wanaojulikana zaidi wako Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, na Kibale nchini Uganda. Hawa wa kwetu wametengwa. Kati yao na wenzao kuna nyasi na mashamba, na mbega hawezi kuvuka nchi isiyo na miti. Aina hii imo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Hivi, mbega anamhusu nini mama wa kuuza maharage? Anamhusu. Msitu unaomficha mbega ndio unaoyashika maji ya mvua yasikimbilie yote bondeni mara moja. Ukiondoka, maji hushuka kwa ghadhabu na udongo wetu. Nalo Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, kwa hiyo kinachoingia kinabaki humo humo.

Serikali inatunza hifadhi. Lakini vile vipande vidogo vya miti vilivyobaki kwenye makorongo, kwenye mahame na kando ya chemchemi, ni vya nani? Hapo ndipo historia ya kikundi chetu inapoanza.

Je, msitu unanunuliwa?

Tulipoanza kusema "tununue msitu," mzee mmoja alicheka sana. "Nyinyi kina mama, msitu unanunuliwa kama kanga?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua.

Katika nchi yetu hakuna anayenunua ardhi ikawa yake moja kwa moja. Sheria ya mwaka 1923 ya Waingereza iliiweka ardhi yote kuwa ya umma, na mwaka 1963, baada ya Uhuru, umiliki wa moja kwa moja uliokuwa umesalia ulifutwa. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ardhi tupu haina bei. Kilichouzwa ni nyumba, miti ya kupanda na jasho la mtu. Mwaka 1999 zilitungwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi imebaki ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini haki ya kuitumia ilitambuliwa kuwa na thamani.

Sheria ya Vijiji ina mambo mawili ambayo kila mwanachama ayakariri kama anavyokariri namba ya simu ya mwanawe. La kwanza, mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi ni batili. La pili, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mtu mmoja, kwa familia au kwa kikundi. Nayo Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inatambua misitu ya serikali kuu, ya halmashauri, ya vijiji na ya watu binafsi. Kwa hiyo kikundi cha wanawake chenye haki juu ya ardhi ya kijiji kinaweza kuwa na msitu wake kisheria.

Lakini wanyama je? Hao hawanunuliwi kabisa. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 wote ni mali ya umma. Pongo anayelala kwenye kichaka chako si wako, na ukimtega umevunja sheria kama mwingine yeyote. Basi anayenunua msitu ananunua nini? Ananunua wajibu wa kukaa na kuulinda.

Mfano wa Mazumbai

Nilipokuwa nautafuta ukweli huu nilitaka kujua kama yupo aliyewahi kufanya jambo hili nchini. Yupo, japo mbali na hapa, katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Mlowezi John Tanner alikuwa na shamba la Mazumbai, na ndani yake msitu wa asili wa hekta zipatazo 320. Wengine walifyeka misitu yao wapande mazao, yeye akauacha wake umesimama. Mwaka 1968 msitu ule ulikabidhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoanzishwa mwaka 1984 ukawa chini yake. Mpaka leo wanafunzi huenda kusoma huko, na miti bado ipo.

Mwenye shamba hakuwa na taabu zetu, hilo nalijua. Hakuwa na mtoto anayerudishwa shule kwa ada. Lakini kuna somo. Mti unaishi kuliko mwenye hati. Msitu wa Mazumbai haukuokolewa na mapenzi ya mtu mmoja peke yake. Uliokolewa kwa sababu alipoondoka palikuwa na chombo cha kuupokea. Mtu binafsi hufa na watoto hugombana. Kikundi chenye katiba kinaweza kuendelea, kikitaka.

Msitu wetu

Msitu wetu ni korongo moja lenye chemchemi. Zamani palikuwa na makazi. Wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 watu walihamishiwa kijijini, nyumba zikabomoka, na hame likarudi kuwa pori. Hakuna aliyepanda mti pale. Visiki na mizizi vilichipua vyenyewe, maana miti yetu ya asili haifi kwa kukatwa mara moja; inakufa kwa kukatwa na kuchomwa kila mwaka. Leo humo wamo tumbili, pongo, nsya, nyuki, na ndege ambao bibi zetu wanawajua kwa majina ya Kifipa na sisi tumewasahau.

Katika mwaka wetu wa sita, familia yenye eneo lile ilitaka kuliachia, na mchoma mkaa alikuwa ameshafika bei. Tulikaa kikao mpaka usiku. Sitaficha: mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Nilitaka mashine ya kusaga. Mashine unaiona, inalia, inaleta shilingi. Msitu unaleta nini? Shangazi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akasimama akasema, "Mashine yenu itasaga, unga mtaukandia maji gani?" Watu wakanyamaza. Tukapiga kura, tukanunua kwa idhini ya halmashauri ya kijiji.

Mwaka wa kwanza tulidhani kununua ndiyo kazi. Hatukulima njia ya kuzuia moto. Mwezi wa tisa moto ukaja kutoka kwenye nyasi, ukala upande mzima wa juu na mizinga yetu yote. Nakumbuka tumesimama na matawi mikononi, macho yamevimba kwa moshi, hatuna la kufanya. Tangu hapo tumejifunza, na haya ndiyo tunayoyafanya:

1. Kila mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na unyevu, tunalima mkanda kuzunguka msitu na kuchoma nyasi za nje mapema kwa taarifa ya kijiji.
2. Kuni ni zilizokauka na kuanguka tu. Panga haliingii.
3. Ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji hakulimwi wala hakulishwi mifugo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema hivyo kwa mito na maziwa, sisi tumeitumia hata kwa chemchemi yetu.
4. Hatupandi mikaratusi kwenye chemchemi, hata ikikua haraka namna gani.
5. Asali na uyoga huvunwa kwa zamu na kuandikwa daftarini.

Linalotukabili

Jamani, sasa tuseme la ukweli. Kila mwisho wa mzunguko tunavunja sanduku na kugawana. Hiyo ndiyo raha ya kikundi. Lakini kila mwaka anayetoka anauliza, "Na fungu langu la msitu liko wapi?" Ni haki yake kuuliza, alitoa jasho. Mwaka huu tena amekuja mtu na fedha taslimu anataka miti, na wapo wenzetu wenye shida kweli kweli wanaosema tuuze, tugawane, tuishe.

Mimi niliyekataa kununua leo nakataa kuuza. Pendekezo langu kwa mkutano mkuu ni hili: msitu uondolewe kwenye hesabu ya hisa, uwe na mfuko wake mdogo wa asali na faini. Anayetoka arudishiwe alichochangia, kidogo kidogo kutoka mfuko huo, lakini miti ibaki. Sanduku letu lina funguo tatu kwa watu watatu ili mmoja asilifungue kwa shida yake. Msitu nao upewe funguo zake: kikundi, kijiji na sheria.

Wilaya ya Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi uliokuwa sehemu ya Rukwa yetu hadi mwaka 2012, vijiji vinane vinavyotunza misitu ya Ntakata vimepata fedha za hewa ya ukaa na kujenga zahanati na madarasa. Wetu ni mdogo, tusijidanganye kwamba fedha hizo zitatufikia kesho. Malipo yetu ni chemchemi, ambayo kiangazi kilichopita haikukauka.

Ntatakwa alirudi kutoka porini akakuta kiti kimekaliwa. Kina mama, kiti hiki tumekikalia sisi. Tusiondoke.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa kikundi